Boneti Nyepesi ya Gari Yenye Matundu: Ipi Ununue Ukiwa Mombasa

Amua kwanza unachotafuta, wepesi au ubaridi wa injini. Boneti ya chuma ya gari la kawaida la saluni huwa na kilo kama 15 hadi 20, na hata ukiweka nyepesi kabisa utapunguza kilo kama 10, sawa na nusu dumu la maji. Kwa gari la barabarani huo si uzito wa kuumizia mfuko. Joto ndilo sababu ya kweli, hasa msimu wa kaskazi, ukiwa nyuma ya malori Changamwe au ukipandisha Mazeras huku AC inafanya kazi. Lakini kama mshale wa joto tayari unapanda, kagua feni, thamostati, rejeta na kifuniko chake kabla ya kununua chochote. Matundu hayatibu rejeta iliyoziba.

Chaguo langu la kwanza ni boneti ya alumini ya kiwandani, ya mtumba. Mitsubishi Lancer Evolution VII hadi IX zilitoka nayo, na Mazda MX-5 imekuwa nayo tangu 1989. Inakaa sawasawa kwenye bawaba na loki, na mbavu zake za ndani zilipimwa kwa ajali. Nenda dukani na sumaku: ikinata, hiyo ni chuma, hata muuzaji aape vipi. Kisha igeuze uangalie kingo. Chumvi ya bahari huila alumini pale inapogusana na boliti za chuma, rangi ikavimba na chini yake ukakuta unga mweupe. Ukiuona unga huo, iache. Iliyokunjika nayo iache, maana kunyoosha na kuchomelea alumini si kazi ya kila fundi wa bodi.

La pili ni boneti uliyo nayo. Mwambie fundi akate matundu, au nunua vipande vya matundu vilivyo tayari vifungwe kwa riveti. Uzito haupungui, lakini hewa ya moto inatoka, na gharama ni ndogo kuliko zote. Kazi yote iko kwenye mahali pa kukata. Tundu liwe nyuma tu ya rejeta, sehemu ya mbele ya boneti, ambapo gari likikimbia mgandamizo wa hewa juu huwa mdogo, nayo hewa ya ndani inafyonzwa nje. Karibu na kioo cha mbele mgandamizo ni mkubwa. Ndiyo maana wale wanaoinua ukingo wa nyuma wa boneti kwa kuweka washa (vile vipete vya chuma vya boliti) chini ya bawaba wanapata nafuu kwenye foleni tu. Mwendo ukikolea hewa inarudi ndani, na harufu ya injini inaingia kwenye kabini.

Mkataze fundi kugusa mbavu za ndani. Kila ukingo uliokatwa upakwe praima siku hiyohiyo, kwa sababu kwa hewa yetu chuma kitupu hakichelewi kushika kutu. Fikiria pia mvua za masika: tundu lisiwe juu ya altaneta wala boksi la fyuzi, au weka kinga ya maji chini yake.

Faiba (fiberglass) ni ya tatu. Haishiki kutu, hupakwa rangi yoyote, na matundu huja yameshaundwa. Tatizo ni ulegevu. Nyembamba hutikisika kwenye mwendo, na loki ikichomoka boneti inakupigia kioo uso kwa uso. Usiifunge bila pini mbili za mbele, na uijaribu ikae mahali pake kabla hujalipa.

Kaboni (carbon fibre) naiweka mwisho, ingawa najua wengi wanaipenda. Nyingi za bei nafuu ni faiba iliyofunikwa tabaka moja la kaboni, kwa hiyo wepesi unaoulipia haupo. Jua hugeuza vanishi yake ya juu kuwa manjano, na kaboni ikigusa boliti za kawaida penye chumvi, boliti ndizo zinazoliwa. Ya kweli inafaa gari la mashindano linalolala ndani.

Wenye Subaru za turbo zenye pua (lile tundu lililoinuka) juu ya boneti: pua hiyo hupeleka hewa kwenye intakula (intercooler, kipoza hewa ya turbo) iliyo juu ya injini. Boneti yoyote mtakayonunua iwe na pua hiyo, na mpira wake wa kuzibia uikalie intakula bila mwanya.