Chaja ya betri ya gari: nzuri, ila usiipime kwa cheche

Anayeuliza kama hizi chaja ndogo za kisasa zinafaa, mimi nasema zinafaa, hasa kwetu ambao magari yanalala. Hapa Arusha kazi ya utalii ikipoa wakati wa masika, Land Cruiser linaweza kukaa uani wiki kadhaa halijawashwa, huku alamu na GPS vikinyonya betri kidogo kidogo. Wageni wanarudi Juni, na Juni yenyewe ni baridi. Unageuza ufunguo, stata inalia tik-tik, basi. Yangu ni ya volti 12, ampia 6, ile inayojiendesha yenyewe, si lile dude zito la transfoma lililoko gereji.

Haraka haina. Betri ya ampia-saa 70 iliyoisha kabisa inataka zaidi ya saa 12, maana mwishoni chaja yenyewe inapunguza mwendo. Mwenye safari asubuhi atafute waya akabusti, yaani awashe gari kwa umeme wa betri ya jirani. Faida yake ni kwamba haichemshi maji ya betri: inapanda hadi kama volti 14.4, betri ikijaa inashuka kwenye 13.6 hivi na kubaki hapo ikiilinda tu. Ndiyo maana naiacha imeunganishwa na kwenda zangu Karatu bila wasiwasi.

Sasa tuje kwenye lawama. Wengi wanaosema chaja ya aina hii "imekufa" wanakuwa wameipeleka kwa fundi rewaya, yule wa umeme wa magari, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha au kwingine, naye akagusanisha klipu nyekundu na nyeusi aone cheche. Zile za zamani zilitoa cheche, kweli. Hii haitoi, na hata ukiweka mita kwenye klipu zikiwa hewani utasoma sifuri au karibu na sifuri, kwa sababu haifungulii umeme mpaka ihisi kuna betri. Fundi anatikisa kichwa, chaja nzima inaishia kwenye scrapa. Na hiyo tabia ya cheche ingefaa kuachwa hata kwa chaja za zamani: betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, ikishika moto betri inapasuka na asidi yake inakurukia usoni. Unganisha nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye chuma cha bodi mbali kidogo na betri, ndipo uchomeke ukutani. Kutoa ni kinyume chake, ukutani kwanza.

Upande wa pili wa huo "ujanja" wake ndio unaokera. Betri ikiisha mno, imebaki na volti mbili tatu, chaja haiitambui kama betri na inagoma. Hapo mimi huchukua betri nzima ya volti 12, nikaiunganisha na hiyo mfu kwa waya za kubusti, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kisha naunganisha chaja kwenye hiyo mfu. Ikishaanza kazi naiacha dakika kadhaa, halafu naondoa ile nzima. Betri iliyovimba au yenye ufa siigusi, hiyo ni ya kutupwa.

Kuna na taa ya kijani, ile ya kusema betri imejaa, inayowaka ndani ya nusu saa kwenye betri uliyojua ilikuwa tupu. Watu hufurahi. Mara nyingi ni sahani za ndani zimeota salfeti, ukoko mgumu, kwa kukaa muda mrefu bila chaji, hazipokei kitu. Chomoa, subiri saa kadhaa, pima: betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi. Ikiwa imerudi 12 au chini, chaja usiisingizie, kanunue betri.

Kuhusu kuihifadhi, adui wa kwanza ni ule unga wa kijani na mweupe kwenye klipu. Unakula chuma, mguso unakuwa hafifu, taa zinaanza kupepesa kana kwamba ndani kumeharibika. Magadi soda kwenye maji ya uvuguvugu na mswaki wa zamani, klipu zikauke vizuri, basi. Waya nakunja kwa duara pana, sizungushii kwenye chaja kwa kuukaza, maana pale unapotokea ndipo hukatikia kwa ndani. Stoo nayo ina panya, kwa hiyo yangu inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko, juu, mbali na sakafu inayotoa unyevu wakati wa mvua. Umeme ukikatika naichomoa pia. Unaporudi huja na kishindo, na chaja haina pa kujificha.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu waya ni mfupi, hautoki kwenye soketi ya varanda hadi kwenye boneti bila ekstensheni, na alama za taa zimechapwa ndogo kiasi kwamba usiku, kwa tochi ya simu, hujui kama inakwambia umegeuza klipu au betri imejaa.