Nakala ya kete za Lewis: nimezipenda, ila meno yamepotea

Mara ya kwanza kete hizi za kale za sataranji niliziona British Museum, London, chumba cha 40. Kuingia bure, nami nilikuwa nakwepa mvua tu. Nikaganda mbele ya kioo kama nusu saa, natazamana na askari mfupi wa macho makubwa aliyeng'ata ukingo wa ngao yake. Kwenye sataranji huyo ndiye ngome. Wachongaji wake, yaelekea wa Trondheim, Norway, kati ya 1150 na 1200, hawakuweka mnara. Waliweka mpiganaji aliyepandisha mori wa vita mpaka anatafuna silaha zake mwenyewe.

Nikaagiza nakala mtandaoni, kete 32, pauni 85.

Uzito wake mkononi ni mzuri, na rangi ni ya maziwa yaliyokaa sana motoni, karibu na ile ya pembe ya walrasi, mnyama wa bahari za barafu ambaye meno yake ndiyo yaliyochongwa kete nyingi za asili. Kete za upande wa pili ni nyekundu, na duka halikujitungia: baadhi ya zile zilizofukuliwa kisiwani Lewis, Scotland, mwaka 1831 zilikuwa na wekundu. Mgeuze mfalme uone mgongo wa kiti chake, majani yamesokotana kama mkeka. Hapo kalibu imefanya kazi.

Kwenye meno imeharibu. Yamelainika, na yule askari wangu sasa anafanana na mtu anayeguguna muhindi wa kuchoma. Halafu farasi mmoja alifika sikio limekatika.

Baba mkwe alipokuja kututembelea kutoka Unguja, akamnyanyua malkia. Malkia wote wameshika shavu, wamekodoa macho.

"Mwanangu, huyu bibi jino linamuuma?"

Nikamweleza kwamba kwa Waajemi na Waarabu, ambao Wazungu waliupata mchezo huu kutoka kwao, hapo alikaa waziri, na alipo askofu alikaa ndovu. Kete za Lewis ni miongoni mwa za kale kabisa zenye askofu mwenye kofia yake.

"Kumbe! Waziri kaolewa, ndovu kapewa kanisa."

Kuzichezea kunataka mazoea. Askari wa kawaida hawana taabu, wamechongwa kama vijiwe vya kaburi. Lakini askofu aliyesimama na ngome aliyesimama, usiku chini ya taa hafifu, ni ndugu. Baba mkwe alipeleka ngome yake mshazari, mwendo wa askofu, akala farasi wangu, nami sikushtuka mpaka hatua tatu baadaye. Alikataa kurudisha.

Kama unataka seti ya kuchezea kila siku, nunua ya kawaida. Mimi hii siiuzi. Duka lilinirudishia pauni 10 kwa lile sikio. Kuhusu meno wakajibu kwamba "ndivyo zilivyo". Sivyo zilivyo. Nimetoa nyota tatu.