Adapta ya volti 24 kwa amplifaya ya sebuleni: uzoefu wangu

Kwa miezi minane sasa natumia amplifaya ndogo yenye chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments kuendesha spika mbili za ohmu 8 nyumbani kwangu Dar es Salaam, na kwa nusu ya muda huo niliilaumu amplifaya hiyo bila haki. Niliinunua bila adapta, nikaichomekea ile ya king'amuzi cha zamani, ya volti 12 na ampea 2. Taarabu ilisikika vizuri kwa sauti ya chini, lakini nilipoongeza, kila besi ilipogonga taa ya amplifaya ilififia na sauti ikakatika.

Adapta ile haikuweza kutoa zaidi ya wati 24 kwa jumla, na kwa volti 12 amplifaya ya aina hii hufikia takriban wati 9 tu kwa kila spika ya ohmu 8 kabla sauti haijaanza kukwaruza. Volti zikiongezwa maradufu, nguvu inayoweza kufika kwenye spika hupanda karibu mara nne, mradi ampea zitoshe. Chipu yenyewe hupokea volti 4.5 hadi 26. Hata hivyo nilifungua kasha kwanza na kuhakikisha kwamba kapasita kubwa, yaani vile vijisilinda vinavyohifadhi umeme, zimeandikwa kuwa zinahimili hadi volti 35, kwa sababu zingekuwa za volti 16 zingeweza kupasuka.

Adapta ya kwanza ya volti 24 na ampea 5 niliyoipata dukani ilikuwa nyepesi mno mkononi, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Fundi alipoipima kwa mita huku muziki ukipigwa kwa sauti kubwa, volti zilishuka hadi 18, na baada ya nusu saa ilikuwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Ya pili ina maandishi yale yale, lakini ina uzito wa karibu mara mbili, na katika kipimo kile kile haikushuka chini ya volti 23.5. Besi sasa inatua kwa uzito wake na kukoma inapotakiwa kukoma, wala sauti ya mwimbaji haimezwi tena na ngoma. Kwangu mimi, badiliko hili limezidi lile nililolisikia nilipobadilisha spika.

Fundi huyo alinishauri pia nitengenezewe adapta ya transfoma ya volti 24, akiamini kuwa umeme wake ni safi zaidi. Nilikataa, kwa kuwa umeme wa transfoma hiyo ukishapita kwenye daiodi, zinazoufanya uelekee upande mmoja, na kapasita hufika takriban volti 32, kiwango kinachoweza kuiua chipu hii.

Kasoro moja ilibaki. Kipokezi cha bluetooth, nilichokilisha volti 5 kutoka adapta hiyo hiyo kupitia kibadilisha volti kidogo, kilileta mlio mwembamba uliosikika kila muziki ulipotulia, nami nikadhani nimenunua tena adapta mbovu. Nilipokitenga na kukichomeka kwenye chaja ya simu ya peke yake, mlio ulikoma siku ile ile, na sasa sisikii chochote kati ya wimbo na wimbo isipokuwa nikiweka sikio kwenye spika.