NetLogo au Scratch? Tumejaribu programu zote mbili hapa Mikindani, Mtwara

Wiki mbili nimekaa na madogo wa mtaani na laptopu moja, tunataka kuigiza kwenye skrini ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, unavyoruka toka mkorosho mmoja kwenda mwingine, tukaanza na Scratch ya MIT, chuo cha Marekani, maana wanaijua, unaburuta vibloku vya amri tu, Kiswahili kipo na huandiki msimbo wa kompyuta. Raha kweli, mpaka tulipotaka shamba kubwa. Scratch inagomea kloni (nakala za kitu kimoja, kwetu mti) 300, ya 301 haitoki na wala haikwambii kitu, sisi tukadhani tumekosea tukahangaika weee!

NetLogo sasa. Hii katoa mtafiti Uri Wilensky mwaka 1999, bure pia, na imetengenezwa kwa kazi hiyohiyo ya vitu vingi kila kimoja na akili yake. Vinavyotembea vinaitwa kasa (ndio, kama wa baharini kule Msimbati) halafu ardhi yenyewe imekatwa vipande, kila kipande nacho kinapokea amri. Tukaweka mikorosho 2,000 bila shida, slaida moja ya umbali wa miti, nyingine ya salfa, dawa ya unga ya kuzuia ubwiri, grafu inajichora pembeni. Madogo walipopanua nafasi kati ya miti ugonjwa ukafia njiani, kelele zake mpaka jirani akaja kuchungulia.

Ubaya wake unaandika amri kwa Kiingereza, mabano ukisahau moja haiendi. Mtandao ukikatika zote sawa tu, zinaingia kwenye mashine huhitaji bando.

Kwa mtoto wa la tano mimi nampa Scratch, wa kidato cha pili namwekea NetLogo.