GTA San Andreas mpaka asilimia mia: kipi kinalipa na kipi kinakula muda wako

Wakuu, kila mtu aliyekulia kwenye vibanda vya PS anaijua GTA San Andreas, ila ukiuliza nani amewahi kuiona imeandika 100% kwenye ile sehemu ya takwimu, yaani amemaliza stori na kazi zote za pembeni, unakuta kimya. Na sababu inaeleweka. Kibandani ulikua unalipia dakika, memori kadi ya kwako huna, ya mwenye kibanda imejaa au kuna mtu kasevu juu ya ya kwako, kwaiyo watu walikua wanabonyeza kodi za chiti za kujipa silaha na kifaru, wanafukuzana na polisi mpaka muda unaisha, wanampisha mwingine. Gemu ilitoka Oktoba 2004 kwenye PS2, 2005 ikaja kwenye kompyuta na Xbox, Desemba 2013 ikaingia kwenye simu, na sa hivi mtu mwenye laptopu ya zamani tu anaicheza bila kukwama maana haifiki hata GB 5. Shida ya pa kusevu haipo tena. Limebaki swali lenyewe, ukishamaliza stori uendelee mpaka mia au uifute upate nafasi ya gemu nyingine?

Mimi nimeifikisha mia kwenye kompyuta na nauweka msimamo wangu hapa mapema: kwa San Andreas inastahili, naipa nne kati ya tano, ila siyo kwa mpangilio ambao wengi wanaufuata. Wengi wanamaliza stori kwanza, wanawamaliza maadui wa mwisho, Big Smoke na yule polisi Tenpenny, alafu ndo wanarudi nyuma kuokoteza vilivyobaki. Huo ndo mpangilio mbaya kuliko yote, kwa sababu zawadi nyingi za pembeni zimetengenezwa zikusaidie ndani ya stori, sasa ukizichukua stori imeshaisha utazitumia kupigana na nani?

Chukua kazi ya ambulensi. Levo 12, levo ya kwanza mgonjwa mmoja, ya pili wawili, inapanda hivyohivyo mpaka ya 12 yenye wagonjwa 12, jumla yake ni wagonjwa 78, na gari inabeba watatu tu kwa mara moja. Ukifeli levo ya 11 unarudi ya kwanza. Ukiisikia hivyo unaona ni adhabu, lakini ukimaliza, mstari wa damu wa CJ, yule unayemchezesha, unafika mwisho wake kabisa, moja kwa moja, na kuanzia hapo kila misheni ya kurushiana risasi inakua gemu tofauti. Wachezaji wa siku nyingi wanapenda kuifanyia Angel Pine, kile kimji kidogo chini ya mlima, kuna hospitali yake, barabara ni chache, na wagonjwa wanatokea karibukaribu. Na uzuri wake ni kwamba stori yenyewe inakutupa hapohapo baada ya misheni ya The Green Sabre, yaani umefukuzwa Los Santos, mji wa kwanza wa gemu, huna kitu, na ambulensi imepaki pale. Mtu akiniuliza afanye kitu kimoja tu cha pembeni kwenye gemu nzima nitamwambia hiki, na akifanye siku hiyohiyo anayofika kijijini, asisubiri.

Zile tagi 100 za Los Santos nazo naziweka kundi hilohilo ingawa watu wengi wanazichukia. Unatembea na kopo la rangi unafuta maandishi ya magenge mengine unaandika ya Grove Street, genge la CJ, ziko kwenye kuta, chini ya madaraja, nyingine juu ya mapaa. Ukimaliza zote silaha zinaanza kukaa pale nyumbani kwao CJ, na kati yake kuna AK-47, na hapo uko mwanzoni kabisa mwa stori ambapo wenzako wanahangaika na bastola. Ila kwangu AK ilikua nyongeza tu. Kikubwa ni kwamba ukizimaliza tagi unaijua Los Santos kwa vichochoro, unajua ukuta gani unarukika na uchochoro gani unatokea wapi, na baadae polisi wakiwa nyuma yako huangalii tena ramani. Kitu hicho hakionekani kwenye asilimia yoyote na ndo faida kubwa kuliko zote.

Alafu kuna shule ya urubani pale Verdant Meadows, uwanja wa ndege wa jangwani. Najua hapa wengi ndo walipoachia gemu, wakaiita ngumu, wakaenda kucheza mpira. Stori inakulazimisha upate angalau shaba kwenye kila somo na shaba inatosha kabisa kwa ile asilimia mia, hakuna anayekudai dhahabu. Lakini mimi nasema itafute dhahabu kwenye yote, maana zawadi yake ni Hunter, helikopta ya kivita yenye roketi, inakaa palepale uwanjani inakusubiri. Na ukishakua na Hunter ile kazi ya polisi ya kuwinda wahalifu levo 12, ambayo kwa gari la kawaida ni mateso, unaifanya ukiwa hewani, unawaona wanakokimbilia, roketi mbili tatu imeisha. Kazi ya polisi nayo inakupa kinga ya mwili mpaka 150 badala ya 100. Umeona zinavyoshikana? Kitu kimoja kinafungua kingine, na hapo ndo napoona waliotengeneza hii gemu walikaa wakafikiria kwanini mtu ahangaike. Zimamoto levo 12, CJ haungui tena na moto. Teksi abiria 50, kila teksi unayopanda inakua na naitro ya kuongeza kasi, na teksi nayo haina presha kwa sababu hesabu yake inaendelea ilipoishia, leo kumi kesho kumi.

Sasa upande wa pili.

Viatu vya farasi 50 vilivyofichwa Las Venturas, mji wa kasino. Gemu ya zamani haikuwekei alama kwenye ramani, haikwambii umebakiza kipi, inakwambia idadi tu, kwaiyo ukikosa kimoja kati ya 50 unarudi kuzungukia vyote ukiwa na ramani ya intaneti pembeni. Ni sawa na kuokota mchele uliomwagika kwenye mchanga. Zawadi ni silaha zinazokaa kwenye kasino ya Four Dragons, na bahati yako kwenye kamari inaongezeka, wakati ukiwa umefika Las Venturas silaha unazo na hela unazo. Picha 50 za San Fierro, mji mwingine wa gemu, ni hivyohivyo, unazunguka na kamera unatafuta sehemu za kupiga, unapewa silaha kwenye gereji ya Doherty ambazo dukani zipo. Chaza 50 za kwenye maji nazitetea kidogo maana pumzi ya CJ inaongezeka na kuna misheni ya kuogelea inayodai pumzi, lakini pumzi unaipata hata kwa kupiga mbizi tu baharini bila kuokota chochote. Hivi vitu 150 vya kuokota havina ugumu wala ustadi, havina stori, ni kufuata ramani ya mtu mwingine nukta kwa nukta na macho yako yako kwenye simu kuliko kwenye gemu yenyewe, na mimi siwezi kumshauri mtu mwenye kazi na familia aamke Jumamosi afanye hivyo.

Na misheni za Zero, yule mwenye duka la vitu vya kuchezea San Fierro. Hazimo kwenye njia ya stori, unaweza kumaliza gemu nzima bila kulinunua duka lake, ila ukitaka mia lazima upite. Ile ya kandege ka rimoti kenye mafuta ya kuhesabu imeshafanya watu wapige pedi ukutani. Siipingi kwa sababu ni ngumu, shule ya urubani pia ni ngumu, naipinga kwa sababu ugumu wake hauko kwenye kurusha, uko kwenye geji ya mafuta, unacheza vizuri dakika zote alafu kandege kanazima ukiwa umebakiza mtu mmoja wa kumpiga.

Na zawadi ya mwisho je? Ukifika 100% unapewa dola milioni moja, risasi haziishi tena, magari yako yanavumilia zaidi, na mtaani kwao CJ, Grove Street, unawekewa ndege ya kivita Hydra na kifaru Rhino. Inasikika tamu. Ila Rhino unaweza kuikuta kwenye kambi ya jeshi ya Area 69 na Hydra nayo unaweza kuipata kabla ya hapo, hela ulishakua nazo za kumwaga, na risasi zisizoisha zinakuja wakati hakuna misheni hata moja iliyobaki kwenye ramani. Kwaiyo anayekimbilia mia kwa ajili ya zawadi ya mwisho namshauri asianze kabisa. Asilimia ile ilipe njiani au basi.

Hili swali siyo la San Andreas peke yake. Xbox 360 ilileta achivumenti mwaka 2005, PS3 ikaleta trofi 2008, yaani tuzo za kwenye skrini unapokamilisha kitu, na tangu hapo karibu kila gemu ina orodha ya kukutaka umalize kila kona. Kuna waliofanya vizuri, Spider-Man ya 2018 ina mabegi 55 yametawanywa New York, lakini yanaonekana kwenye ramani, unayaokota njiani ukielekea kwingine, na kila begi lina kitu cha zamani cha Peter, ndo Spider-Man mwenyewe, na yeye mwenyewe anakihadithia, sasa hapo unaokota stori. God of War ya 2018 ina Valkyrie tisa, maadui wa hiari wenye mabawa, na yule wa mwisho Sigrun ni mgumu kuliko adui yeyote wa stori, ukimpiga unajua kabisa umeijua gemu. Lakini gemu hiyohiyo inakudai uangushe kunguru 51 wa Odin, na hapo tumerudi kwenye viatu vya farasi. Zelda Breath of the Wild ina mbegu 900 za Korok zilizofichwa na 441 zinatosha kumaliza kupanua mifuko yote ya silaha, ukizifikisha 900 unapewa kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi, kabisa, waliotengeneza wanakwambia wazi kwamba hawakutegemea mtu azitafute zote. Mimi nawaheshimu kwa hilo maana mbegu 900 ziliwekwa ili kila anayepita aokote za kumtosha. Mbaya kuliko zote kwangu ni Assassin's Creed ya kwanza ya 2007, bendera 420 zimetawanywa Damascus, Acre, Jerusalem na kwingine, kwenye Xbox angalau kulikua na achivumenti, kwenye PS3 hapakua na trofi kwaiyo unaokota bendera 420 na mwisho wake hupewi hata silaha. Muda wa mtu ni kitu cha kuheshimiwa, na huku kwetu gemu ni umeme, ni tokeni za LUKU, ni televisheni ya sebuleni ambayo watu wengine nao wanaitaka. Anayetengeneza gemu akiniomba masaa yangu naona ana wajibu wa kunipa kitu humo ndani.

Kwa anayetaka kuanza San Andreas leo, toleo nalo linaamua mengi. La kompyuta la zamani ndo nalolipenda, ila tafuta pedi kwa ajili ya ndege, kibodi inachosha vidole kwenye zile mashindano ndefu za angani za Las Venturas. Lile lililotengenezwa upya la 2021 lilitoka na matatizo mengi mpaka Rockstar, wenye gemu, wakaomba radhi hadharani, limerekebishwa sana tangu hapo, lina trofi, na ukifeli misheni linakurudisha karibu badala ya kukuanzisha upya, kwa mtu anayetaka mia bila kuumwa kichwa hilo linasaidia. La simu ni zuri kwa stori, kwa teksi, kwa tagi, unafanya mbili tatu ukiwa kwenye daladala. Magari 30 ya kutafuta na kupeleka bandarini Easter Basin pia yanakwenda vizuri kwenye simu maana ni kuendesha tu, alafu orodha ziko tatu za magari kumikumi, unapumzika kati. Ila urubani kwa kidole juu ya kioo siushauri kwa mtu yeyote, unganisha pedi ya bluetooth kwanza ndo uende Verdant Meadows.