Kozi fupi ya kumuuguza mtu mzima aliyezidiwa ghafla

Nimehitimu kozi ya kuwahudumia watu wazima wanaozidiwa ghafla, katika chuo kimoja cha uuguzi jijini Dar es Salaam, na ada yake, ambayo haikuwa ndogo, siijutii. Kilichonivutia zaidi ni namna wakufunzi walivyotulazimisha kuhesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima, badala ya kukisia kama wengi wetu (nami nikiwemo) tulivyozoea wodini. Kwa mujibu wa NEWS2, mfumo wa alama za tahadhari uliotolewa nchini Uingereza mwaka 2017, pumzi 12 hadi 20 hazina alama yoyote, ilhali 25 au zaidi humpa mgonjwa alama 3, na jumla ya alama 7 au zaidi hudai msaada wa dharura. Ukaguzi wa njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu na hatimaye mwili mzima, kwa mfuatano huohuo, ulirudiwa hadi mikono ikazoea. Hata hivyo, sanamu ya mazoezi ilikuwa moja kwa wanafunzi 20, na somo la kumpa daktari taarifa kwa simu, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, lilitengewa saa moja tu.