Kitabu chekundu cha SPD: miaka saba ya kulipia sauti yangu

Mwezi huu watu wawili wameniuliza swali lilelile. Mmoja yuko Bremen, mwingine bado yuko Tanga, anajiandaa kuja kusomea uuguzi. "Dada, hicho chama ulichojiunga huko Ujerumani kinakusaidia nini?" Naandika hapa kwa sababu jibu la simu halikutosha. Nitakipima kama ninavyopima huduma yoyote inayokatwa kwenye akaunti yangu kila mwezi.

Nilijiunga na SPD, chama cha Kisoshalisti cha Kidemokrasia cha Ujerumani, hapa Hamburg Januari 2018. Masharti ni mepesi: umri kuanzia miaka 14, ada inakwenda na kipato chako, uraia hawaulizi. Nilipewa kitabu kidogo chekundu cha uanachama, na siku ya kwanza tawini mzee mmoja akanipa mkono akaniita "Genossin". Wanachama huitana hivyo, na hawatumii ile lugha ya heshima ambayo Wajerumani huwatumia watu wasiowajua. Mimi nilisikia "Ndugu". Nililelewa na neno hilo, likanilainisha moyo kabla sijajua lolote kuhusu sera zao.

Nyumbani niliwahi kuwa na kadi ya chama, jina nitaliacha. Nililipa ada miaka minne. Niliitwa kuimba, kuvaa fulana, kujaza basi. Ilani niliiona siku ya uzinduzi, imeshachapwa na picha ya mgombea juu yake. Hakuna aliyewahi kuniuliza sisi wauguzi tunataka nini. Ndiyo maana nilipokuja huku nikasikia redioni kwamba mkataba wa serikali ya mseto na kina Angela Merkel hautapita mpaka wanachama wa SPD wapige kura, mmoja mmoja, nilijaza fomu wiki hiyohiyo. Mwisho wa kuandikishwa ulikuwa tarehe 6 Februari saa 12 jioni. Sikuwa peke yangu: tangu mwaka uanze wanachama wapya walipita 24,000.

Karatasi ya kura ilikuja kwa posta pamoja na tamko la kiapo la kusaini kwamba mpiga kura ni wewe mwenyewe. Nilipiga Hapana. Kevin Kühnert, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa chama, alikuwa akizunguka nchi kuupinga mseto ule, na hoja zake zilinishawishi. Watu 120 wa kujitolea walihesabu usiku kucha katika makao makuu Berlin, na asubuhi ya tarehe 4 Machi tukaambiwa: Ndiyo 239,604, Hapana 123,329. Asilimia 66 kwa 34. Tulishindwa, na nililala salama. Wenye haki ya kupiga kura walikuwa 463,722, na zaidi ya asilimia 78 yao walipiga. Kushindwa na umati ulioulizwa swali moja na mimi nakubali. Kushindwa na watu kumi waliojifungia chumbani sikuwahi kukubali, hata nyumbani.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wetu tunaoishi huku hatulijui. Mimi ni Mtanzania. Nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na pasipoti yangu siitupi. Kwa hiyo siwezi kupiga kura ya Bunge la Ujerumani. Lakini mkataba utakaoiongoza serikali ya nchi hii nimeupigia kura mara mbili. Wako Wajerumani wanaoona hilo si sawa. Kura ya namna hii ilipopigwa mwaka 2013, kulikuwa na ombi hadi Mahakama ya Katiba la kuizuia, na mahakama ikalikataa. Mimi nawaosha na kuwalisha wazee wa nchi hii usiku, nalipa kodi yao, naona ni haki yangu kabisa.

Mara ya pili ilikuwa Aprili 2025. Safari hii kura ilikuwa ya mtandaoni, kuanzia tarehe 15 hadi 29. Kurasa 144 za mkataba na vyama viwili vya kihafidhina: CDU, chama cha Friedrich Merz, na mwenzake CSU. Nilizisoma kwa zamu tatu za usiku, kila wagonjwa walipotulia, kalamu mkononi. Katika tawi letu yuko mzee wa miaka 81 ambaye alizoea bahasha. Nilikwenda kwake na maandazi, tukakaa jikoni, nikamwonyesha njia kwenye simu yake, kisha nikageuka kutazama dirishani mpaka aliposema amemaliza. Matokeo: asilimia 84.6 walisema Ndiyo, nami nikiwemo. Waliopiga ni asilimia 56 tu, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu haki hii wenzetu wengi duniani hawana.

Sasa kasoro, na ni kubwa. Ndiyo au Hapana si kutunga sera. Katika kurasa zile nilipigia mstari neno moja: mkataba ulisema kima cha chini cha mshahara cha euro 15 kwa saa "kinaweza kufikiwa" mwaka 2026. SPD ilikuwa imefanya kampeni kwa euro 15, na hapa ikaletwa "kinaweza". Ningeulizwa, ningelifuta neno hilo. Lakini mwanachama anapewa gunia zima, alibebe au aliache. Punje moja haruhusiwi kuitoa. Miezi miwili baadaye tume ya mishahara ikatangaza euro 13.90 kwa mwaka 2026. Wenzangu wanaofagia wodi walikuwa wakisubiri 15. Pia mkataba ulisimamisha kwa miaka miwili haki ya baadhi ya wakimbizi kuleta familia zao, na mimi najua maana ya mtoto anayekua kwenye simu. Nilisema Ndiyo kwa ajili ya mambo mengine, na sitajifanya kwamba mkono haukuwa mzito.

Kama kura hiyo ingekuwa ndiyo huduma yote, ningeipa nyota tatu na kumwambia mdogo wangu wa Tanga asihangaike. Ila sehemu ya thamani haitangazwi redioni. Iko tawini, chumba cha nyuma chenye viti vya kukunja, mara moja kwa mwezi, watu kumi na saba wakijitokeza kwa wingi. Hapo mwanachama yeyote anaweza kuleta hoja. Ina umbo lake: inaanza na "Mkutano uazimie", inafuata sababu, basi. Ikipita tawini inapanda ngazi ya wilaya, kisha jimbo, na ikibahatika inafika mkutano mkuu wa taifa wenye wajumbe 600.

Mwaka 2022 nilileta yangu, kuhusu kutambuliwa kwa vyeti vya wauguzi waliosoma nje ya Ulaya. Nilidhani watanipigia makofi. Wakanichambua saa nzima. Mstaafu wa bandarini akauliza nani atalipa gharama za tafsiri. Mwalimu akauliza hili ni la serikali ya jimbo au ya taifa, na sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani, nikasoma, nikaandika upya. Mwezi uliofuata ikapita kwa kura 14 dhidi ya 3. Wilayani nilipewa dakika tatu kuitetea. Walibadilisha aya ya pili, na ilikuwa nzuri zaidi kuliko niliyoandika mimi. Hakuna darasa la Kijerumani lililowahi kunifundisha kama zile wiki sita.

Jueni pia kwamba kabla ya mkutano kuna kamati ya hoja inayopendekeza: ikubaliwe, ikataliwe, ikubaliwe na marekebisho, au ipelekwe kwa wabunge. Hilo la mwisho lina sauti ya heshima, lakini hoja inaweza kulala huko muda mrefu bila ya mtu kuiamsha. Ukisikia wanasema yako "ipelekwe", simama uulize ni nani atakayeleta majibu na lini.

Kwa tawi natoa nyota tano. Kwa kura ya mkataba, tatu. Anayetaka kujiunga aje mkutanoni kwanza kabla ya kujaza fomu. Wageni wanakaribishwa, na kahawa ipo. Asiyejua Kijerumani vizuri asiogope, aongee polepole, watamsubiri.

Mimi sasa ninaandika hoja ya pili: rasimu ya mkataba wowote wa mseto ifike matawini kabla ya kusainiwa, ikiwa kwa lugha nyepesi, na kila tawi liruhusiwe kupendekeza mabadiliko. Yule mzee wa miaka 81 amekubali kuisoma kabla ya wengine. Ameshairudisha mara moja, imejaa wino mwekundu.